Mizani na Kimya: Tafakuri juu ya Maonesho ya Reli za Mfano

Miongoni mwa sanaa ambazo wahakiki wetu hawajazigusa ni ile ya kutengeneza reli za mfano: magarimoshi madogo yanayotosha kiganjani, yakipita katikati ya vijiji, mashamba na stesheni zilizotengenezwa kwa kipimo hichohicho. Si ajabu kwamba haijaguswa. Kwetu pwani mchezo huu haukuota mizizi, na hata Uingereza, ambako umelelewa kwa zaidi ya miaka 100, wenye mamlaka ya kusema kipi ni sanaa hawauweki katika hesabu hiyo. Huonekana ni mchezo wa wazee waliokataa kukua. Makala haya yana rai nyengine. Nadai kwamba reli ya mfano inayopelekwa mbele ya watu ni utungo, wenye kanuni, maudhui na kasoro zinazojadilika kama tunavyojadili shairi. Nadai pia kwamba wengi hukosea wanapoupima kwa udogo wake au kwa usahihi wake peke yake. Kipimo chake cha kweli ni kimya: mtunzi ameacha nini nje, na amekiacha kwa sababu gani.

Kwa asiyeyajua, maonesho haya nchini Uingereza huwa hivi. Klabu ya mji hukodi ukumbi wa skuli, wa kanisa au wa michezo kwa Jumamosi na Jumapili. Waoneshaji hufika Ijumaa jioni na gari za mizigo. Huteremsha mbao, hufunga miguu ya meza, huunganisha nyaya, kisha hufuta reli kwa makini, kwani vumbi kidogo tu huzuia umeme kufika kwenye magurudumu. Asubuhi milango hufunguliwa, wageni hulipa kiingilio, na kuanzia hapo hadi jioni treni hazina budi kwenda. Kando huwako meza za wachuuzi wenye mabehewa mapya na makuukuu, gundi, rangi na miti ya kupandikiza, na pembeni pahala pa chai. Kwa desturi mwoneshaji halipwi ujira. Hurejeshewa gharama za safari na malazi. Aghalabu huwa amealikwa kwa sababu msimamizi aliiona kazi yake kwengineko akaipenda. Klabu ya London iitwayo The Model Railway Club iliasisiwa mwaka 1910, na hivyo huyu si mgeni wa jana katika nyumba ya sanaa. Ni jamaa wa siku nyingi asiyekaribishwa sebuleni.

Mizani

Neno mizani tunalitumia kwa mambo mawili, kupimia bidhaa na kuhesabia silabi za mshororo. Mafundi wa reli za mfano nao wana mizani yao, na wameigombania kama sisi tulivyoigombania ya kwetu. Kipimo kilichoenea zaidi Uingereza huitwa OO. Humo, futi moja ya kitu halisi huwa milimita 4, yaani kitu hupunguzwa mara 76 na ziada kidogo. Lakini upana wa njia katika kipimo hicho ni milimita 16.5, na hapo ndipo penye ila. Njia halisi ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435 baina ya chuma na chuma, na ukiipunguza kwa kiasi kilekile hupata milimita 18.83. Kwa hivyo kila treni ya OO hukimbia juu ya njia nyembamba kuliko istahikivyo, kana kwamba mtu ameikata njia ya kweli sentimita 18. Sababu yake ni ya kihistoria. Upana wa 16.5 ulikuwa wa kipimo kidogo zaidi, cha milimita 3.5 kwa futi, na vichwa vya treni vya Kiingereza, ambavyo ni vyembamba kuliko vya bara la Ulaya, havikuweza katika kipimo kile kumeza mota za umeme za zama hizo. Mafundi wakakikuza kiwiliwili, wakaiacha njia kama ilivyokuwa.

Wapo walioikubali ila hiyo wakaendelea kutunga. Wapo waliosema kwamba mshororo uliopungua mizani si mshororo. Hao wakajitengenezea njia ya milimita 18.2, na wenye msimamo mkali zaidi wakafika hadi 18.83 kamili, kwa taabu ya kubadilisha magurudumu na kulaza njia kwa mikono yao wenyewe, taruma baada ya taruma. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hatashindwa kuitambua kesi hii. Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954 alizitia kanuni zetu katika maandishi. Euphrase Kezilahabi alipoitoa Kichomi mwaka 1974 mjadala uliwaka, na moshi wake ungali unafuka. Mimi nimetunga kwa vina na nimetunga bila ya vina, na kwa hivyo naweza kuitazama OO bila ya hasira. Pengo la milimita mbili na kitu huonekana ukiitazama treni uso kwa uso. Ukiitazama ubavuni halionekani, na mtazamaji wa maonesho husimama ubavuni. Malenga hulikata neno kwa inkisari au hulirefusha kwa mazida ili wimbo usimame. Hapa fundi ameikata njia ili kichwa cha treni kisimame. Hoja ni kujua unakata wapi, na nani atakayesikia.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa urefu. Kwa kipimo hicho maili moja ya njia inataka mita 21. Kazi ya kawaida ya maonesho ina mita tano au sita, ambayo ni kama robo ya maili. Hakuna kijiji wala stesheni yenye hadhi itakayoingia humo kama ilivyo. Mtunzi hulazimika kupunguza: jukwaa la kupokea mabehewa manane linapokea matatu, barabara inapinda kabla ya kufika sokoni, nyumba 20 zinakuwa tano. Halalamiki mtu, kwa sababu jicho, mithili ya sikio, hukubali kufupishiwa madhali limeachiwa vina. Na vina vya mandhari ni yale yanayorudi: rangi moja ya mawe, mtindo mmoja wa paa, namna moja ya ua wa shamba. Fundi anayechanganya nyumba za nchi tatu katika mtaa mmoja kwa sababu zote alizikuta dukani ameharibu vina, hata kama kila nyumba ni nzuri peke yake.

Pazia na wakati

Treni hutoka wapi, na huenda wapi? Swali hili huulizwa na watoto, nao wana haki. Nyuma ya ubao uliochorwa mawingu huwako uga wa siri wenye njia sambamba, ambamo treni zimepangwa zikingoja zamu. Mtazamaji hatakiwi kuuona. Treni hupita chini ya daraja lililowekwa makusudi kuziba upenyo, na akilini mwa mtoto aliyeshika kamba ya mbele imekwenda mji mkuu. Kwa hakika imesimama hatua moja kutoka alipo, na mzee mwenye miwani anaipangua mabehewa kwa mkono, tayari kuirejesha kwa jina jengine.

Mtu anaweza kuuita huo udanganyifu. Mimi nauita adabu ya utungo. Kiswahili kimetupa neno moja, kituo, kwa pahala ambapo safari hupumzika na kwa mshororo ambapo ubeti hupumzika. Kituo kizuri katika shairi hukufanya uhisi kwamba yamebaki maneno mengi upande wa pili. Vivyo hivyo, kazi bora za reli za mfano huonesha kipande tu cha njia, na kila ncha ya kipande hicho inaashiria nchi nzima. Kazi dhaifu hukuonesha duara kamili. Treni inatoka kushoto, inazunguka, inarudi kushoto, na baada ya mara tatu unajua kwamba haina pa kwenda.

Kinachowashinda wengi ni wakati. Urefu hupunguzwa, upana hupunguzwa, wakati haupunguziki. Treni ya mfano inayokwenda kwa mwendo unaolingana na maili 30 kwa saa huyavuka mandhari ya mita tano kwa muda usiotimia nusu dakika. Stesheni ya shamba iliyoigizwa huenda ilipokea treni chache mno kutwa nzima. Baina yao palikuwa na ndege, upepo na mpagazi aliyesinzia. Lakini mgeni aliyelipa kiingilio husimama dakika mbili, na ikiwa hakuna kinachokwenda hugeuka akaenda meza ya pili. Mwoneshaji analijua hilo, na kwa khofu ya kuachwa peke yake hutuma treni moja juu ya nyengine, hata kile kijiji cha usingizi kikawa na harakati za stesheni kuu ya London.

Hapa ndipo mimi humpima mwoneshaji. Katika maonesho niliyowahi kuyatembelea, kazi chache zilithubutu kuiacha njia ikiwa tupu. Ishara inashuka, mkono wa mwoneshaji umetulia, na hakuna kinachotokea. Watu wa mbele huanza kuyatazama mambo mengine: nguo juu ya kamba, paka juu ya ukuta, tope mbele ya mlango wa zizi. Treni inapofika hatimaye, mabehewa mawili tu nyuma ya kichwa kidogo, huwa imengojewa, na kitu kilichongojewa hakifanani na kitu kilichorushiwa watu. Kughani nako ni hivyohivyo. Mghani asiyevuta pumzi huwa anahesabu silabi tu.

Mbele ya hadhira

Kuna tofauti kubwa baina ya reli iliyojengwa chumbani na reli inayooneshwa. Ya chumbani ni shairi lililomo sandukuni: mwenyewe hulisoma anapotaka, na likikosea halijui mtu. Ya maonesho ni shairi la majilisi. Imebebwa garini, imetikiswa, imefungwa upya katika ukumbi wenye baridi au joto lisilokuwa la nyumbani kwake, na sasa behewa linaacha njia mbele ya watu 20. Kidole kikubwa mno, kikubwa kuliko kanisa la kijiji, kinashuka kutoka mbinguni na kulisukuma. Wapo wanaodhani kwamba wakati huo sanaa imevunjika. Sidhani. Hadhira ya majilisi humsamehe mshairi aliyeteleza neno ikiwa analirudia kwa utulivu. Haimsamehi anayeteleza kisha akamgombeza mpiga ngoma, na waoneshaji wanaorushiana maneno nyuma ya pazia, sauti zao zikisikika juu ya vilima vya plasta, huivunja kazi yao kuliko behewa lolote lililoanguka.

Zamani waoneshaji wengi walijificha nyuma ya kazi yao kama wachezeshaji wa vikaragosi. Wengine siku hizi husimama mbele, ubavuni mwa wageni, wakajibu maswali. Hasara yake ni kwamba mtunzi anakuwa mfasiri wa utungo wake, na utungo unaohitaji kufasiriwa na mwenyewe kila dakika una upungufu. Faida yake ni kwamba maarifa yanahama. Mtoto huambiwa jinsi ya kulehemu, jinsi ya kumfanya sponji awe mti, na anaondoka na kitu ambacho duka halimuuzii.

Mchungaji Wilbert Awdry, ambaye kitabu chake cha kwanza cha hadithi za magarimoshi kilitoka mwaka 1945, alikuwa mmoja wa waoneshaji hao. Hadithi zake aliziweka katika kisiwa cha kubuni, Sodor, alichokipa jina kutokana na dayosisi ya Sodor na Man: Man ni kisiwa kilichopo, Sodor hakikuwepo baharini, naye akakiweka baina ya Man na pwani ya Uingereza. Kisha akajenga kwa mikono yake stesheni ya Ffarquhar, iliyo mwisho wa njia mojawapo ya kisiwa hicho, na kuipeleka katika maonesho. Sisi tuliozaliwa visiwani tutaifahamu tamaa yake. Kisiwa ni mandhari yenye mpaka unaoonekana. Mtunzi anaweza kukijaza chote bila ya kuulizwa kilichopo ng'ambo.

Kazi tatu

Nizipime kazi tatu ambazo kila mpenzi wa fani hii anazijua. Ya kwanza ni Madder Valley ya John Ahern, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Bonde hilo halimo katika ramani yoyote. Ahern aliokota vichwa vya treni kutoka reli ndogo mbalimbali, akavikutanisha katika njia moja inayoteremka hadi bandarini Madderport, na ukiorodhesha asili ya kila kimoja utasema ni vurugu. Ukiitazama husemi hivyo. Zama ambazo wengi walitengeneza treni nzuri na kuziendesha juu ya mbao tupu, yeye alifikiri kwamba treni ni mhusika tu, na kwamba ukuta uliochakaa, kona ya mtaa na kivuli ndivyo vinavyompa mhusika pa kuishi. Kitabu chake juu ya ujenzi wa majumba madogo kilichapishwa mwaka 1947 na kiliwafunza wengi. Hii ni kazi ya mbunifu: imechukua vitu vya kweli ikaviunga kwa uongo unaopatana.

Ya pili ni Pendon, katika kijiji cha Long Wittenham. Mwasisi wake, Roye England, alizaliwa Australia akafika Uingereza mwaka 1925. Alikaa katika bonde liitwalo Vale of White Horse, akaona nyumba za kale za kuezekwa kwa majani zikibomolewa au kubadilishwa sura, na akaamua kuzihifadhi kwa njia aliyoiweza: kuzipima, kuzipiga picha na kuzijenga upya kwa kadibodi na rangi za maji, tofali moja moja. Makumbusho aliyaanzisha mwaka 1954, mwaka uleule wa Sheria za Amri Abedi, na watu wawili hao wasiojuana walikuwa na khofu moja, kwamba kitu kisipoandikwa kanuni zake kitapotea. Roye England alifariki mwaka 1995, na watu wa kujitolea wameiendeleza kazi. Hapa hakuna kubuni kwa Ahern, na kila dirisha lina ushahidi wake. Madder Valley yenyewe, baada ya kifo cha Ahern mwaka 1961, ilihamia Pendon, na mgeni anaweza kuona chini ya paa moja mtunzi aliyesema kweli kwa kubuni na mtunzi aliyesema kweli kwa kunukuu.

Ya tatu ni Copenhagen Fields, kazi ya pamoja ya klabu ile ya London, inayoonesha sehemu ya mji ule kaskazini ya stesheni ya King's Cross baina ya vita viwili vikuu. Futi moja humo ni milimita 2. Kadiri macho yanavyokwenda nyuma, majumba yanapunguzwa zaidi, na mji unaonekana kwenda mbali kuliko mbao zilivyo. Kwa hesabu ni kosa, kwani vipimo viwili haviwezi kuwa sahihi mahali pamoja. Kwa jicho ni kweli tupu. Na jambo ninalolipenda zaidi ni kwamba kazi hii, ingawa ni kubwa, imebebwa mara nyingi kupelekwa kwa watu, na haikutungwa na mtu mmoja. Kama utenzi uliopitia vinywa vingi, huwezi kusema mkono wa nani uliishia wapi.

Ukinilazimisha kuchagua, namchagua Ahern kwa pumzi yake. Pendon naiheshimu na kuipenda, lakini inaniachia swali ambalo ndilo kiini cha makala haya.

Kimya cha pili

Nimesifu kimya: daraja linaloficha, njia iliyoachwa tupu, nyumba 20 zilizokuwa tano. Lakini kuna kimya cha aina ya pili, na ukumbi wa maonesho umejaa nacho. Tazama zama zinazopendwa na mafundi wengi, miaka ya 1920 na 1930. Mabehewa ya makaa yamepangwa, kila moja limeandikwa jina la mwenye mgodi kwa herufi za kupendeza. Ni nadra kumwona mchimbaji. Mwaka 1926 mgomo mkuu uliisimamisha nchi kwa ajili ya ujira na saa za wachimbaji hao, na treni zenyewe zilisimama, lakini ni nani atakayeonesha njia iliyo tupu kwa sababu hiyo? Pale limo behewa maalumu la ndizi zilizoshushwa bandarini kutoka Jamaika; limetengenezwa kwa usahihi hata tundu za kuingizia hewa. Jamaika imebaki nyuma ya pazia, katika ule uga wa siri ambamo kila kitu hutoka na hakiulizwi. Nyumba za majani ni nzuri mno, na sahihi. Unyevu wa kuta zake, maji ya kuteka kisimani, na mshahara mdogo wa mfanyakazi wa shamba aliyelala humo havikuweza kupimwa kwa rula.

Na yupo binadamu mwenyewe. Katika mandhari haya treni inakwenda, ishara inapanda na kushuka, na mtu peke yake ndiye aliyegandishwa kwa gundi. Mafundi hodari huliona tatizo hilo. Huwaweka watu waliokaa au waliosimama wakizungumza, wasimweke anayekimbia, maana anayekimbia bila ya kufika huchekesha. Hiyo ni hila njema. Lakini imezaa ulimwengu ambamo hakuna anayefanya kazi, na reli, ambayo ilijengwa kwa jasho la watu wengi, inaonekana kujiendesha yenyewe.

Sisemi kwamba mchezo wa Jumapili ugeuzwe mahakama. Roye England aliokoa alichokiona kinakufa, naye ana haki ya kupenda. Nasema tu kwamba upungufu wa utungo unaojinasibu kwa usahihi ni mzito kuliko ule wa utungo unaojitangaza kuwa ni wa kubuni. Ahern hakuniahidi historia. Anayenipimia tofali kwa tofali ameniahidi. Utenzi wa vita unaotaja kila farasi kwa jina na kumsahau mpagazi umechagua, na mhakiki ana wajibu wa kuutaja uchaguzi huo.

Kwa upande mwengine uko Hamburg, Ujerumani. Miniatur Wunderland ilifunguliwa mwaka 2001 katika maghala ya kale ya bandari, na imekua hata ikawa reli ya mfano kubwa kuliko zote duniani. Taa huzimwa usiku ukaingia na kupambazuka baada ya dakika chache, na tangu mwaka 2011 kuna uwanja ambamo ndege hupaa. Mapenzi na ucheshi ni tele, na vitendo vya watu vimetiwa kwa wingi kuliko katika kazi nyingi za Kiingereza. Kinachokosekana ni kile kimya cha kwanza. Kila pembe inasema kwa wakati mmoja, na mgeni hutoka ameshiba bila ya kukumbuka alikula nini.

Kinachobaki

Haya yana uzito zaidi sasa kuliko zamani. Maonesho makubwa ya klabu ya Warley, yaliyofanywa kila mwaka mjini Birmingham na kuhesabiwa kuwa kilele cha fani hii Uingereza, yalifanyika kwa mara ya mwisho Novemba 2023, na mwanzoni mwa 2024 klabu ilitangaza kwamba haitayaandaa tena. Maonesho madogo ya miji yangaliko. Lakini ukizitazama nyuso za nyuma ya meza utaona mvi nyingi, na watu wengi wanaojenga treni za mvuke wa miaka ya 1930 hawakuwahi kuiona miaka hiyo. Wanakumbuka kumbukumbu za wengine. Kumbukumbu ya mkono wa pili hufuta kwanza kilichouma, ikabakisha kilichopendeza, na hivyo kimya cha pili kitazidi kuongezeka ikiwa hakuna atakayekiuliza.

Sisi nasi tunaijua hatari hiyo. Unguja ilikuwa na reli. Mwaka 1905 njia ya maili saba ilianza kufanya kazi kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani, ikipita katika mitaa myembamba ya mji. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1920 haikuwa tena ikichukua abiria. Leo wapo wanaosema kwa yakini kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa garimoshi lile. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, miaka 19 kabla ya treni. Jina ni kongwe kuliko mlio. Hivyo ndivyo kumbukumbu isiyo na fundi inavyofanya kazi: imeipoteza reli, ikaokota sauti, ikaitungia asili.

Akitokea kijana wa hapa akaijenga njia ile katika meza ya mita tano, sitamuuliza kwanza kama upana wake ni sahihi. Nitamuuliza kama ameliacha daraja la kufichia, kama anathubutu kuiacha njia tupu mpaka watu wa mbele waanze kuzitazama nyumba, na kama katika mtaa ule mwembamba amemweka mtu aliyelazimika kuvuta mlango wake treni inapopita. Akiwa nayo hayo matatu, milimita mbili nitamsamehe.